Turubai Lililokwisha Kuchomwa

Tbilisi, 14 Septemba 1936
Kwa mkono wa Shamshe

Dada yangu Kesaria,

Nakusalimu wewe, mizabibu yako, na yule jogoo wako asiyejua saa. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini bado tunajadiliana. Mke wa jirani amejifungua mapacha, baba yao anawatazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa mwenzake. Viazi vimepatikana wiki hii. Wiki ijayo sijui.

Shamshe wetu bado ni kondakta wa treni ya Kutaisi, kwa hiyo barua hii inasafiri ndani ya koti lake. Tuendelee kama tulivyokubaliana: ya posta ni ya kusema mvua ilinyesha au haikunyesha, mengine apewe Shamshe. Siku hizi watu wa posta wana bidii sana. Barua inamfikia mwenyewe ikiwa imeshazungukwa na wasomaji, kama gazeti la kwa kinyozi.

Sasa neno lenyewe. Mwanao amepata kazi. Miaka miwili tangu arudi kutoka Paris na kofia moja na mazoea ya kunywa kahawa akiwa amesimama, miaka miwili amelala kwenye sofa langu akichora vibao vya maduka ya sabuni, na leo jumba letu la opera la wafanyakazi wa reli limempa mandhari ya jukwaa zima. Opera ni mpya. Inahusu mfalme aliyejenga mnara ili awaone watu wake wote kwa mara moja, na alipofika juu akakuta hakuna mtu, wote wamekwisha kuhama. Ni mfalme wa zamani sana. Mkurugenzi ameamuru maneno "wa zamani sana" yaandikwe mara mbili kwenye karatasi ya programu.

Kila mtu alitegemea nguzo, mazulia na mlima wenye theluji. Mimi nimechora mlima huo mara kumi na tisa, naweza kuuchora nimelala. Valiko ameleta mbao tano nyekundu zilizoinama kama walevi, ngazi moja isiyofika popote, na nyuma ya vyote hivyo turubai kubwa jeupe. Jeupe tu. Nikamuuliza, "Mwanangu, na hapa unachora nini?" Akanijibu, "Hapo, mjomba, ndipo mfalme anapotazama." Mimi sikusoma Paris. Nilisoma kwenye ndoo ya gundi.

Lakini nilipousogeza mfano wake karibu na taa, ule wa mbao na karatasi unaotosha juu ya kiti, nilihisi baridi shingoni. Ni mzuri, Kesaria. Usimwambie nimesema hivyo.

Kaka yako,
Ermile


Kijijini, 4 Oktoba 1936
Kwa mkono wa Shamshe

Kaka Ermile,

Tumeshavuna zabibu. Mapipa mawili na nusu. Ile nusu ni ya nyigu. Nimempa Shamshe jibini mbili na nyuzi sita za churchkhela, jozi nilizozichovya mwenyewe kwenye maji ya zabibu. Ukikuta tano, muulize yeye, usiniulize mimi. Mguu wa shangazi Daria umepona, sasa anautumia kuja kwangu kila siku.

Nimefurahi kwa ajili ya Valiko. Nimefurahi na sikulala. Kwa nini asichore huo mlima? Mlima haujawahi kumdhuru mtu. Kitu cheupe kila mtu anatia humo anachokitaka, na watu wa siku hizi wanataka mambo mabaya.

Habari za huku: yule mkuu wa mashamba ya chai, Gvazava, ambaye picha yake ilikuwa mpaka kwenye kiwanda cha hariri, ameondolewa. Na mkewe. Na kaka wa mkewe. Mwalimu amewaambia watoto wafungue kitabu ukurasa wa arobaini na mbili wampake wino usoni. Mtoto wa jirani amenionyesha. Amempaka vizuri, hakuvuka mstari hata kidogo. Kisha akakiinamisha kitabu dirishani, na uso ukang'aa chini ya wino, kila kitu, mpaka masharubu. Wanafanya hivyo darasani kwa mchezo. Nikamwambia aache.

Wewe ni mjomba wake, Ermile. Baba hana. Siku ulipokuja kumchukua kwa treni niliutia mkono wake katika mkono wako mbele ya mlango wa behewa, na sikusema neno kwa sababu wewe si mtoto wa kuambiwa. Sasa nasema. Uwe unatazama anapokanyaga.

Kesaria


Tbilisi, 22 Novemba 1936
Kwa mkono wa Shamshe

Dada yangu,

Nyuzi zilifika tano. Shamshe anaapa kwa kaburi la mama yake, na mama yake ni mzima, tumemsalimu juzi. Mapacha wa jirani wanalia kwa zamu, kama walinzi wa ghala.

Kazi inakwenda. Tumetandaza turubai sakafuni kwenye karakana, tumevaa viatu vya kitambaa, tunatembea juu yake na brashi zenye mpini wa ufagio. Mtu aliyezoea kuchora ukutani hawezi kazi hii: unachokipaka hukioni mpaka kipandishwe, na kikishapandishwa kimekwisha kuwa chako. Wenzangu wanacheka kwamba safari hii Ermile amepata kazi ya kupaka chokaa choo. Nawaambia weupe una nyeupe sita. Wanasema leta ya saba tuone.

Taabu ilikuwa turubai lenyewe. Valiko alitaka kipande kimoja, mita tisa kwa kumi na mbili, kisicho na mshono, maana kwenye weupe mshono unaonekana kama kovu. Ghalani hakukuwa na kitani hata cha kutengenezea leso. Mkurugenzi akasema basi, tutarudi kwenye mlima. Nikaona uso wa mwanao. Siku ya pili nikamletea turubai. Kitani safi, kizito, cha mtu kufutia uso. Akaniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia ni bahari iliyochorwa kwa opera moja ya kabla ya vita, nimeiosha. Akanibusu mkono, huyu mtu mzima wa Paris.

Umetaja habari za Gvazava. Hapa pia hatajwi. Ile picha yake kubwa tuliyoichora kwenye karakana yetu kwa ajili ya Mei Mosi iliteketezwa uani mwezi Agosti. Ipo karatasi yenye sahihi yangu kwamba iliteketezwa. Kwa hiyo iliteketezwa.

Mwambie mtoto wa jirani asiiname sana dirishani, ataanguka.

Ermile


Kijijini, 16 Januari 1937
Kwa mkono wa Shamshe

Kaka Ermile,

Heri ya mwaka mpya, wa kalenda ya zamani na wa serikali. Huku theluji iko mpaka dirishani. Nguruwe tumemchinja, mafuta yako nimeyaweka.

Unajua nyumbani kwetu hakuingii mtu siku ya mwaka mpya kabla hajaingia yule wa mguu mwema. Nilimwekea miadi mzee Pimen, ambaye tangu aanze kutufungulia mlango hatujawahi kufa na njaa. Nikaandaa sahani ya jozi na asali. Mlango ukagongwa, nikafungua nikisema "Ingia na baraka", na aliyeingia hakuwa Pimen. Alikuwa kijana wa wilayani mwenye daftari. Akala asali, akauliza tunaishi wangapi, akauliza mwanangu alikaa Paris mtaa gani. Mimi Paris naijua kwa stempu tu. Nikamwambia hivyo. Akaandika.

Pimen alikuja baadaye, akakuta nyayo zimetangulia kwenye theluji, akageuka akaenda zake.

Opera ni lini? Hukusema. Na bahari gani hiyo ya kabla ya vita? Hukuwa umeanza kazi huko kabla ya vita, ulikuwa unapaka rangi mabehewa.

Kesaria


Tbilisi, 5 Februari 1937
Kwa mkono wa Shamshe

Dada yangu Kesaria,

Huku hakuna theluji, kuna tope tu. Mgongo wangu unauma. Mafuta yamefika, Mungu akubariki.

Opera ilifunguliwa tarehe 28. Usiku wa kwanza watu walikaa kimya pazia lilipofunguka, kimya cha mtu aliyefungua kabati lake akakuta si lake. Kisha taa ya buluu ikapiga lile turubai jeupe, zile mbao nyekundu zikaanza kuonekana kama zinapumua, na mama mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Ndivyo hasa kulivyo." Hakusema wapi. Walipiga makofi mpaka mapacha wa jirani wangeamka. Valiko aliitwa jukwaani na soksi zake zisizofanana.

Usiku wa pili ulikuwa mzuri pia.

Usiku wa tatu, juzi, katika tendo la tatu, mfalme amefika juu ya mnara, anageukia ule weupe na kuimba, "Nani yuko pale?" Turubai lilikuwa limekunjwa na kukunjuliwa siku sita, na taa zetu ni za moto. Kwanza lilikuja doa kama la unyevu. Kisha doa la pili, sawia na la kwanza. Kisha chokaa ikaanza kudondoka kwa vipande kama unga, na mfalme akaendelea kuimba "Nani yuko pale" kwa sababu imeandikwa aimbe mara nne, na mara ya nne kila mtu alikwisha kuona ni nani. Macho, paji la uso, masharubu. Mita tisa.

Nikueleze jambo moja ambalo sitalisahau. Nyuma kabisa mtu akaanza kupiga makofi. Mazoea tu: uso ule, ukubwa ule, mwaka jana ulipita barabarani na sote tulifundishwa la kufanya. Wengine wakafuata. Ukumbi mzima ulipiga makofi kama pumzi tano au sita. Kisha yakaacha, yote kwa pamoja, na sijawahi kusikia kitu kizito kama kule kuacha.

Pazia lilishushwa. Mkurugenzi aliuliza maswali, Valiko akajibu kama mwenye kazi anavyojibu. Watu wawili waliokuwa kwenye viti vya pembeni walimwomba waende naye kwa maneno mawili matatu. Alichukua kofia yake. Bado hajarudi, lakini ni siku mbili tu, na maneno mengine ni marefu.

Usije. Barabara ni mbaya.

Ermile


Kijijini, 12 Februari 1937
Kwa mkono wa Shamshe

Ermile,

Amerudi?

Nampa Shamshe soksi za sufu mbili na jibini. Mpelekee mwanangu. Niandikie amevaa koti gani alipoondoka. Niandikie aliulizwa nini na alijibu nini. Umeniandikia mpaka idadi ya pumzi za makofi, lakini maneno ya mwanangu hukuniandikia hata moja.

Kesaria


Tbilisi, 2 Machi 1937
Kwa posta

Mpendwa dada,

Salamu za masika. Mvua ilinyesha Jumatatu na Jumanne. Jumatano haikunyesha. Sisi sote hatujambo. Valiko yuko safarini kikazi. Jumba letu la opera linarudia mandhari yenye mlima, ambayo watazamaji wanaipenda.

Wako,
E.


Kijijini, 11 Machi 1937
Kwa mkono wa Shamshe

Kaka Ermile,

Umeniandikia kwa posta. Mimi, Kesaria, umeniandikia kama mtu anayemwandikia meneja wa benki.

Shamshe anasema alikungoja kituoni mara mbili kwa barua, ukampita umeinamisha kichwa ukitazama viatu vyako. Soksi zimerudi. Jibini imerudi, imekatwa katikati kuona kama kuna kitu ndani. Mlangoni mwa gereza Shamshe aliambiwa mtu huyo haruhusiwi vifurushi. Kwa hiyo yuko hai. Wafu hawanyimwi vifurushi.

Naandika hii nikiwa nimetulia. Nimekamua ng'ombe, nimefagia, nimekaa.

Mwaka ule homa ilipomchukua kaka yetu Noe, mama alikupa blanketi lake, akakuambia lichome kule mtoni, usilishike kwa mikono, tumia fimbo. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi tisa. Ulirudi ukasema limeungua lote. Mama akakuombea dua. Baridi ilipoingia, mdogo wetu Tasia alikuwa akilala ghalani na mbuzi wake, na asubuhi moja nilimkuta amejifunika blanketi la mistari ya buluu. Nilijua mistari ile. Lilikuwa sufu nzuri, Ermile, najua. Ulimwonea huruma anatetemeka, na ulilionea huruma blanketi. Tuliwazika wawili badala ya mmoja.

Sikumwambia mama. Sikumwambia baba. Miaka arobaini na moja sikukuambia hata wewe. Nilijua unajua.

Wewe hujawahi kuchoma kitu kizuri maishani mwako. Sikulaumu. Nakuuliza jambo moja tu, na usinijibu kwa habari za mvua: mwanangu anajua turubai lile lilikuwa la nani?

Kesaria


Tbilisi, 21 Machi 1937
Kwa posta

Dada yangu Kesaria,

Nakusalimu, na ng'ombe, na shangazi Daria mwenye mguu wake. Mgongo wangu haujambo leo, ajabu. Mapacha wa jirani wameota jino, moja kila mmoja, na mama yao anasema wameuma kabla ya kucheka, hivyo watafika mbali.

Barua hii naipeleka posta kwa makusudi. Bahasha sikuigundisha sana, nisimpe mtu kazi ya kuifungua kwa mvuke. Yule wa lile koti nimemwacha alee watoto wake.

Mwanao hajui. Hilo ndilo jibu. Sasa nikueleze yale ambayo sikukueleza.

Mwezi Agosti nilipewa ile picha ya Gvazava niichome uani, na karatasi ya kutia sahihi. Nikaanza na karatasi. Kisha nikalishika lile turubai. Kitani cha mita tisa kwa kumi na mbili, kipande kimoja, cha aina tuliyokuwa tukipata zamani. Sisi wa karakana hatuchomi turubai. Tunaliosha kwa maji ya moto, gundi inaachia, rangi inakwenda na maji, na bahari ya jana inakuwa msitu wa kesho. Aliyenifundisha kazi alikuwa na turubai moja lililokuwa jehanamu, bustani na soko, kwa zamu. Nikachoma mbao za fremu ili pawe na moshi, nikalikunja turubai nikalificha nyuma ya ile milima yangu kumi na tisa.

Lakini picha za maandamano hatuzichori kwa rangi ya gundi, kwa ajili ya mvua. Tunatia mafuta. Nililiosha mara tatu na uso haukutoka. Najua tangu ujana wangu kwamba chokaa haikai juu ya mafuta. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Nikapaka tabaka tatu nikajiambia zitatosha. Kungekuwa na mlima, na miti, na mbuzi wawili, pengine asingeonekana mpaka leo. Lakini Valiko alitaka weupe. Nawe uliniandikia habari za yule mtoto na kitabu chake dirishani, nikaisoma nikiwa nimesimama juu ya turubai lenyewe, kwa viatu vya kitambaa. Nilikuwa nasimama juu ya paji lake la uso. Nikaikunja barua, nikapaka tabaka la nne.

Usiku ule nyuma ya jukwaa Mkurugenzi aliuliza, "Turubai hili ni la nani?" Watu wa pembeni walikwisha kufika. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Valiko akanitazama. Akatazama turubai, akanitazama tena, na nikaona jambo linamwingia, taratibu, kama maji kwenye kitambaa. Akasema, "Ni langu. Mimi ndiye niliyetaka jeupe."

Mimi niliendelea kushika ndoo.

Kwa hiyo nikisema hajui, nina maana hakujua alipolitandaza. Sasa anajua, na wiki sita amekuwa akinyamaza mahali ambapo si rahisi kunyamaza. Wewe ulininyamazia miaka arobaini na moja. Naona ni ugonjwa wa ukoo wenu nyinyi wawili, mimi nilizaliwa bila huo.

Kesho saa tatu nitakwenda pale mlangoni waliporudisha soksi. Nitachukua ile karatasi ya kuteketeza, nakala yangu ninayo, na kipande cha fremu kisichoungua vizuri. Sikudanganyi, Kesaria: huenda wakamwachia, huenda wakasema karibu, sasa mko wawili. Mtu mwenye akili angesema haina faida. Huyo mwenye akili hakumshika Valiko mkono mlangoni mwa behewa.

Mfano wake mdogo wa jukwaa niliuchukua kabla karakana haijafungwa. Uko chini ya kitanda cha wale wanaolia kwa zamu. Siutaji mtaa. Mbao tano, ngazi moja, na ule weupe ni karatasi safi, haina kitu nyuma, nimeinua mwenyewe nikatazama. Ukija mjini, uweke karibu na taa.

Mizabibu ya upande wa mto ikatwe kabla ya Aprili, usimwachie Pimen, macho yake hayaoni vichipukizi. Na lile blanketi, ndiyo, lilikuwa sufu nzuri.

Nawe ndugu uliyeifungua bahasha hii kabla yake: ukishanakili unachokihitaji, tafadhali ifunge tena umpelekee dada yangu. Usihangaike kutafuta mwandishi. Jina langu lote liko hapa chini, na safari hii sahihi ni ya kweli.

Ermile Besarionis dze Kvirkvelia,
mpaka rangi wa mandhari, chumba cha uani, orofa ya pili